Mgomba Tuliouzika Busiu

Mtaa wa Walukuba ulinuka pamba. Vumbi lake jepesi lilitoka kiwandani pamoja na wafanyakazi, likakaa kwenye nywele zao, kwenye chai, kwenye mito ya kulalia, na mvua ilipoligusa lilinuka kama nguo iliyosahaulika ndani ya beseni. Nyuma ya harufu hiyo kulikuwa na mngurumo wa bwawa la umeme, usiku na mchana, ambao sisi wenyeji hatukuusikia tena mpaka mgeni aulize ni nini kile. Katika miaka ile ya utawala wa jeshi watu wa Jinja waliacha kwenda kutazama maji. Wavuvi walisema mto ulikuwa ukileta vitu visivyotajwa, na wazazi waliwaita watoto wao kutoka ukingoni bila kuwaeleza sababu.

Sisi hatukuwa na wa kutuita. Baba, aliyekuwa fundi wa mitambo ya kufuma, alikufa kwa ugonjwa wa kifua, na mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikaanza kukaanga karanga na kuziuza kando ya uwanja wa mpira. Nyuma yangu walikuwa Mafabi na mdogo wetu Khainza. Msimu ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na sita, na Mafabi kumi na mitano, lakini alikuwa mrefu hivi kwamba aliinama kuingia chumbani kwetu. Jirani yetu Mzee Otieno, dereva wa lori kutoka Kisumu, ndiye aliyetufundisha Kiswahili. Kwa wengine mtaani lugha hiyo ilikuwa ya watu wenye bunduki. Kwetu ilikuwa pia lugha ya Mzee Otieno, aliyetuletea sabuni na kumtania Mafabi kwamba mikono yake ingefaa kukamua ng'ombe wawili kwa pamoja.

Mafabi alikuwa kipa wa akiba wa timu ya mtaa. Kipa wa kwanza alikuwa Opio, kijana mcheshi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mapema mwaka ule timu ya kambi ya jeshi ilimtaka, na timu ile haikuwa na desturi ya kuandika barua. Gari lilikuja, Opio akapanda. Alidaka mechi nne. Ya tano ilikuwa ya mtoano dhidi ya wageni kutoka nchi ya jirani, akafungwa matatu, na baada ya siku hiyo hakuna aliyemwona. Fulana yake ya mazoezi, aliyoifua siku aliyotuaga, ilibaki kwenye kamba nyuma ya nyumba yao. Hakuna aliyeianua. Kuianua kungekuwa kusema kwa sauti jambo ambalo mama yake alikataa kulisema. Ilinyeshewa, ikakauka, ikanyeshewa tena, na upepo ulipoijaza hewa tulipita haraka. Wahenga walisema ukiona cha mwenzio kinanyolewa, chako tia maji. Mimi nilikuwa na kichwa kimoja tu cha kukihofia, nacho kilikuwa cha Mafabi.

Jumamosi moja timu ya mji kutoka Kenya ilivuka mpaka kuja kucheza na yetu, mchezo wa mtoano, anayefungwa anarudi nyumbani. Mafabi alikaa golini. Watu waliponunua karanga zangu walikuwa wakicheka: "Huyo kipa au nguzo ya simu?" Dakika zikaisha bila bao, ikawa penalti. Aliokoa ya kwanza kwa mguu. Aliokoa ya nne kwa mkono mmoja, na mpira ukabaki umenata kwenye kiganja chake kana kwamba ulikuwa ukimtafuta. Uwanja mzima ulipiga kelele, halafu, upande wa jukwaa, kelele zikakatika. Afande mwenye miwani myeusi alikuwa amesimama. Alimwinamia mtu wa pembeni, akamwuliza jambo, akaandika. Mwanamke aliyekuwa akinunua karanga alirudisha pakiti mkononi mwangu na kuondoka bila kuniangalia.

Asubuhi ya Jumapili gari jeupe lilisimama mlangoni kwetu. Mafabi alikuwa kwa Mzee Otieno, akimsaidia kufunga turubai la lori. Mtaani tulikuwa na jibu letu kwa magari ya namna ile: hayupo. Lakini nilikuwa nimeona jibu hilo linavyofanya kazi. Wageni huingia, huketi kitandani, husubiri mpaka mtu arudi. Mtu pekee asiyesubiriwa ni maiti.

"Wewe nani yake?" afande aliuliza.

"Dada yake, afande."

"Kijana iko wapi?"

"Amekufa, afande."

Alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu na ya upole, na upole huo ndio ulionitisha. "Jana alikuwa anadaka mpira."

"Tumbo, afande. Limemkamata jana hiyo hiyo. Ndugu wamekwisha kumchukua."

"Watu nazika yeye wapi?"

"Busiu, kwa shangazi. Kesho."

Alitazama ndani ya chumba, akamtazama Khainza aliyekuwa ameanza kulia kwa sababu aliniamini. "Basi tutakuja kuzika," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa siku moja. Nilimkuta Mafabi nyuma ya lori, nikamwambia aingie chini ya magunia. "Kwa nini?" aliuliza. "Ingia." Mzee Otieno alinisikiliza, akafuta mikono, akasema, "Binti yangu, umeua mtu mzima kwa neno moja. Haya, acha nimpeleke marehemu kwetu." Waliondoka kuelekea mpakani. Mimi na Khainza tulipanda basi la Mbale, tukashukia Busiu jua likiwa bado juu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alisikiliza bila kunikatiza. Kwetu, mtu akipotea vitani au majini na mwili usionekane, ukoo hukata mgomba, huuvika sanda na kuuzika, ili roho yake ipate mahali. Lakini haifanywi kwa aliye hai. Jina lililozikwa limezikwa, na mwenyewe hawezi kuliitikia tena. "Unaelewa unachoniomba?" aliuliza. Nilisema naelewa. Akachukua panga.

Tuliupima mgomba kwa urefu wa Mafabi, mimi nikionyesha mabega yake yanapofika. Ulikuwa mzito kama mtu. Utomvu ulipenya shuka na kuacha doa pale ambapo pangekuwa na kifua, na mama mmoja jirani aliyekuja kutusaidia kushona sanda, ambaye alijua kila kitu, aliweka mkono juu ya doa lile na kububujikwa na machozi.

Kesho yake afande alifika na askari wawili. Alibeba jezi mpya ya kijani, namba moja mgongoni. "Nataka kumvika," alisema.

Shangazi akasema, taratibu, "Kwetu aliyekufa kwa tumbo hafunuliwi, afande. Linafuata wengine."

Alifikiri. Kisha akapiga goti, akaitandaza jezi juu ya sanda, akaikunjua vizuri mikono yake, ikawa imelala mahali ambapo mikono ya mtu ingelala. "Tulikuwa tunamtaka kweli," akasema, akachota udongo wa kwanza. Jina la ndugu yangu lilitajwa juu ya shimo, na nilihisi kitu kikikatika ndani yangu, kana kwamba amekufa kweli. Wiki zilizofuata Khainza aliendelea kumwekea sahani. Mwezi haukwisha, mtangazaji wa redio, kabla ya mechi ya mtoano ya timu ya taifa, alimtaja kijana wa Jinja aliyefariki akiwa na mikono ya ajabu. Mafabi alikuwa Kisumu, ameshika redio ya Mzee Otieno, akisikiliza kifo chake.

Alirudi utawala ule ulipoanguka, akiwa na jina la Kiluo na ndevu. Alikuwa amebeba mizigo bandarini miaka yote hiyo; kipa asiye na karatasi hakusajiliwa popote. Tuliketi nje kwa shangazi, mbali na lile kaburi, akaniambia, bila hasira, "Dada, mimi ningekwenda. Niliota kudaka mechi kama zile." Nilimkumbusha Opio. Akasema, "Opio alifungwa matatu. Mimi nisingefungwa."

Leo wajukuu wangu hapa Mbale hubishana kutwa juu ya wachezaji wanaowindwa na klabu za Ulaya, nani atahama baada ya mtoano, kwa bei gani. Sielewi nusu ya majina. Kinachonishangaza ni jambo dogo ambalo wao hawalioni: kwamba mchezaji huulizwa, na anaweza kukataa, na kesho yake akaonekana akinywa soda. Afande hakumwuliza Mafabi. Wala mimi sikumwuliza. Nimelipima jambo hilo kwa miaka mingi, na kila mara nafika pale pale: namwona ndugu yangu mzee, akikohoa, akilalamikia magoti yake, akiitikia jina lisilo lake, na najua ningelikata lile shina tena.