Karatasi Chini ya Kifuniko cha Tangi

Wanaume wa barazani walikuwa wakimsifu mume wangu kwa kazi ya mikono yangu. Nalisema hili kwanza kabisa, kwa sababu nikilichelewesha hasira zitanipanda nisahau mengine yote.

Tulikuwa tukikaa Galu, miaka ya hamsini. Yeye alikuwa dresa katika zahanati, mtu wa kaptula nyeupe na soksi ndefu. Pikipiki, au tukutuku tulivyokuwa tukiiita wakati ule, aliinunua kwa Mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuja na kitabu chenye picha za kila chuma. Siku ya kwanza alichutama kuitengeneza, tone la grisi likamwangukia kwenye kaptula, akaruka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Tangu siku hiyo yeye akawa anakaa kitandani uani na kile kitabu, ananisomea, na mie ndiye ninayeshika spana. Baadaye hata kusoma akaacha, maana picha nilikuwa nazijua kuliko yeye.

Plagi ikishika masizi nilikuwa nikiisugua kwa waya. Mnyororo ukijaa mchanga wa Galu nilikuwa nikiulaza usiku kucha katika mafuta ya taa, asubuhi naupaka grisi. Ukuta wa ua ulikuwa mrefu, hakuna aliyeniona. Nje barazani watu walisikia mashine inanguruma tu, kisha yeye anatoka akipangusa mikono isiyo na hata vumbi. "Maashallah, bwana, wewe ni fundi!" Naye anacheka, anakubali.

Mwaka mmoja ikapata ugonjwa mpya. Inawaka vizuri, inakwenda maili tatu nne, inakata roho. Akikaa kando ya njia robo saa, inawaka tena. Nikatoa plagi, cheche ipo. Nikachomoa mpira wa petroli, petroli ikadondoka kidogo kisha ikakatika, na tangi limejaa! Nikafungua kifuniko cha tangi, kikavuta pumzi, fyuuu, na petroli ikashuka tele. Hapo nikajua. Kifuniko kile kina kitundu chembamba cha kuingiza hewa, na hewa isipoingia petroli haishuki. Nyigu alikuwa amekiziba kwa udongo. Nikautoa kwa sindano.

Jioni ile nilikuwa nyuma ya mlango na sinia ya kahawa, nikamsikia akiwaambia wenzake, "Niliisikiliza tu, nikajua ni hewa." Wallahi, nusura nimmwagie ile kahawa.

Basi akaenda kuposa binti mmoja kule Munje. Baba wa binti alikuwa mzee aliyefanya kazi ya malori maisha yake yote, akasema mwanawe haingii ukewenza. Mie sikuambiwa lolote. Nilimwona wifi yangu tu akiingia na karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa bila kunitazama usoni. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa penseli: "Nimekuacha talaka tatu. Hufai kwa kazi yoyote."

Penseli! Hata wino aliniona siustahili. Zile tatu niliweza kuzimeza, lakini hilo la kazi lilinikwama hapa kooni, na halijashuka mpaka leo.

Mama mdogo wangu akaniambia, "Mwanangu, karatasi hiyo itunze kama jicho lako. Siku atakapogeuza maneno akasema hakukuacha, kwa kadhi utaonyesha nini?" Nikaifunga katika pindo la leso. Huo ndio ulikuwa uhuru wangu, sikuwa na shahidi mwingine.

Nikakaa eda katika nyumba ileile, yeye akahamia kwa nduguye. Pikipiki ikabaki uani. Sikuigusa. Niliwaacha kuku walale juu yake, wakainyea watakavyo, na kila asubuhi nikiitazama roho yangu inaburudika.

Zilipobaki wiki tatu eda kwisha, ikakaribia siku ya harusi yake. Alikwishajigamba Munje kwamba atakuja mbele juu ya pikipiki na watu wake nyuma kwa lori. Alhamisi, siku moja kabla, nikamsikia uani akiipiga teke, akiipiga teke, haitoi hata kikohozi. Kisha akaja mlangoni, akakohoa yeye.

"Hodi, bibi."

"Nani? Humu hamna mkeo."

"Naomba unitazamie hicho chombo. Wewe unakijua."

"Nakijua mie? Si sifai kwa kazi yoyote?"

Akagonga tena mlango, taratibu. Nikamwambia kwa ndani, "Nitakitengeneza. Lakini utoke hapo barazani, uwaambie wenzako ni nani aliyekuwa akikitengeneza miaka yote hii. Neno moja tu, basi."

"Aa, bibi. Hayo yaishe humu humu ndani."

Nilimpa mlango wa kutokea, akaufunga mwenyewe. Nikamwambia aende, arudi alasiri.

Nikaiosha ile mashine kama maiti wa heshima. Kabureta nikaifungua yote, plagi nikaisugua, mnyororo nikaukaza. Sikuharibu kitu, mtu asije akasema niliharibu. Kisha nikafungua kifuniko cha tangi, nikaling'oa duara la koki, gome laini kama la kizibo cha chupa, lililo kwa ndani, nikaitoa karatasi yangu katika pindo la leso. Nilijua ninachokitoa. Ikipotea hiyo, atasema alilotaka, na mie sina pa kusimama. Lakini hasira zilinizidi nguvu. Nikailaza juu ya kitundu, nikarudisha koki juu yake. Petroli haifuti penseli, hilo nilijua.

Alasiri ikawaka kwa teke moja. "Unaona?" akasema. "Kumbe yalikuwa madogo!"

Nenda, nikasema moyoni. Nenda tu.

Yaliyofuata nilihadithiwa na jirani yangu, maana mumewe alikuwa ndani ya lile lori. Ijumaa asubuhi wakatoka kwa vigelegele. Kufika Kinondo, pikipiki kimya. Bwana harusi akashuka na joho lake, akatoa plagi, akaipangusa, akaipuliza, akairudisha, ikawaka. Akawaambia watu, "Plagi tu hiyo." Maili nne mbele, kimya. Plagi tena. Gazi, plagi. Msambweni, plagi. Lori zima likishuka likipanda, watoto wa njiani wakimpigia makofi. Mpaka anaingia Munje alikuwa akiisukuma, na kanzu imekuwa rangi ya sufuria.

Baba wa binti akatoka kumpokea. Mtu wa malori yule, hakuuliza habari za plagi. Akafungua kifuniko cha tangi, fyuuu. Akachukua kisu, akabandua koki, akatoa karatasi. Watu wakasogea wakisema ni hirizi, huyu karogwa. Mzee naye akadhani ni aya. Akatia Bismillahi, akaisoma kwa sauti ya msikitini:

"Nimekuacha talaka tatu. Hufai kwa kazi yoyote."

Mzee akauliza, "Mwandiko wa nani huu?" Na yule bwana, jasho likimtiririka, akapiga kelele, "Ni yule mwanamke aliyeitia humo! Yeye ndiye aliyeifungua! Yeye ndiye fundi, siku zote ni yeye!"

Lile neno nililomwomba aliseme barazani kwa nusu dakika, alilisema mbele ya Munje nzima.

Mzee akawaambia watu waile pilau, waende zao. "Aliyemwandikia hivi mwanamke aliyemfikisha hapa," akasema, "binti yangu atamwandikia nini?" Nikaha haikufungwa. Yule binti sikuwa na ugomvi naye, na nadhani nilimfaa.

Siku ya nne akaja mlangoni kwangu. Safari hii hakukohoa.

"Nimekurejea," akasema. "Nilikuacha moja tu. Kama unayo karatasi inayosema vingine, itoe."

Alikwishaichana, bila shaka. Nikapapasa pindo la leso, tupu. Kisha nikacheka, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Karatasi, bwana, imesomwa Munje kwa Bismillahi, lori zima likisikiliza. Nenda kawaombe wote waseme ilikuwa moja."

Nikamsikia akiiendea pikipiki, iliyorudishwa uani kwa lori siku ile, akaipiga teke, akaipiga tena. Kwa sauti tu nilijua kwamba hajafungua bomba la petroli. Ni kijiti kidogo tu cha kugeuza, kazi ya kidole kimoja. Alipiga teke mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, akaisukuma kwa mkono hadi kwa nduguye.

Mie nilikuwa nikichambua mchele.