Mjomba na Shoka Lake Wamo Ndani ya Dau

Leo Mjomba amejikuta ndani ya dau, na hakupenda hata kidogo!

Dau la kuvulia la marehemu babu alilipasua yeye, akaligeuza kuni za kuchomea chokaa. Hakumuuliza mtu.

Basi nimelichonga upya, dogo la kuweka mezani. Mlingoti, tanga, hata nyavu zimo.

Leo nimeuonyesha ukoo mzima, hapa Mikindani. Mjomba akaja kifua mbele: "Hili ndilo dau letu!"

Kisha akainama.

Pale nyuma ya dau nimemkalisha mtu wa kuchonga, wa mpingo. Kitambi cha Mjomba, kofia ya Mjomba, shoka mkononi.

Mashangazi walicheka hadi wakakaa chini.

"Mtoe huyo!" Mjomba akafoka.

"Mpasue tu, Mjomba. Si ndiyo kazi yako?" nikamjibu.

Jamani, nimekosa adabu? Semeni, ila simtoi.