Igizo Lililokosa Sauti

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha mapazia, nikajikuta nimesimama mbele ya shule yangu ya msingi bila kuitambua. Ukuta tuliokuwa tunauegemea saa ya mapumziko, tukimung'unya ubuyu mpaka ndimi zinakuwa nyekundu, siku hizi umegeuzwa fremu za maduka. Kila fremu ina spika ndogo mlangoni, sauti ya mwenye duka imerekodiwa humo, inataja bei tangu asubuhi mpaka jioni bila kumeza mate, na mwenyewe yuko ndani anachezea simu. Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wetu wa haiba na michezo, nikazubaa kiasi kwamba muuza makava ya simu aliniuliza mara mbili, "Dada, uko sawa?" Nilikuwa sawa. Kaa nikusimulie.

Shule yetu ilikuwa na watoto wengi kuliko vyumba, kwa hiyo tulisoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Haiba na michezo lilikuwa somo la ngoma, nyimbo na maigizo. Kwenye ratiba lilikuwapo, limeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa, ila kipindi kikifika aliingia mwalimu wa hesabu na rula yake ndefu, kwa sababu mtihani wa darasa la saba hauulizi mtu anacheza vipi. Ndivyo ilivyokuwa mpaka alipohamia kwetu mwanamke mmoja mfupi, mwembamba, anayevaa raba chini ya gauni la kitenge. Alienda kwa Mwalimu Mkuu kudai vipindi vyake. Tuliokuwa tunafagia karibu na ofisi tulisikia jibu: vipindi achukue, ila chumba hakuna. Afundishie barazani, nje ya darasa la saba, kwa sharti moja, sauti isisikike.

Mwingine angenuna, akakaa ofisini kunywa chai. Yeye alituita barazani, akachuchumaa katikati yetu, akasema kwa kunong'ona, "Mwalimu Mkuu hajasema tusiigize. Kasema asisikie."

Basi tukaanza, na mpaka leo sijaona ufundishaji kama ule. Ngoma tulizipiga vifuani kwetu kwa ncha za vidole. Muuza kahawa akipita nje ya ukuta akigonganisha vikombe vyake, mwalimu aliinua kidole kimoja, na sisi tulifuata mapigo yale kwa vidole vya miguu, watoto thelathini, bila hata unyayo mmoja kulia. Alimpa mtu ndoo tupu akamwambia aibebe kama imejaa maji, kisha kama imejaa mchanga, kisha kama imejaa nguo za mtu anayemchukia, na sisi tukisie ni ipi. Mvua ikinyesha alitupeleka kwenye dimbwi la uani tutembee humo, tuangalie goti linavyopanda mtu akikanyaga maji, halafu turudi kwenye saruji kavu kutembea vilevile. Maneno ya igizo tuliyasema kwa midomo tu. Tulizoea kusomana midomo kiasi kwamba tuliweza kusengenyana kanisani na msikitini pasipo mtu kugundua, na hilo naliungama leo.

Nisijipambe. Darasani mimi nilikuwa wa mkiani. Hesabu zilinishinda, Kiingereza kilinikataa, na bibi yangu aliyenilea aliitwa shuleni mara mbili, zote kwa mabaya. Lakini siku moja pale barazani niliigiza bibi kizee anashuka kitandani kisichokuwapo, na mwalimu akanishika bega akaninong'oneza, "Rudia, wenzako waone." Mimi neno rudia nilikuwa nimelizoea kama adhabu. Nilirudia mara tatu, na nilipofika nyumbani nilirudia tena huku nachambua mchele, mpaka Bibi akaacha kumimina unga wa vitumbua akanitazama. "Umeanza lini kuumwa magoti?" Nilipomweleza kwa sauti yangu mpya ya chini chini, alizidi kukunja uso. "Shule gani hiyo wanafundisha kunong'ona? Si mnajua tangu mnazaliwa?"

Igizo lenyewe lilihusu familia ya Jangwani, kule bondeni ambako mto hufurika kila masika. Kila mmoja wetu alikuwa na ndugu au rafiki huko, na wenzetu kadhaa walikuwa wakija shule kipindi cha masika na madaftari yaliyovimba kwa maji. Kwenye igizo maji yanaingia ndani, watu wanatoa vitu, na bibi wa nyumba hataki kuondoka. Bibi huyo nilikuwa mimi. Mwanangu alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, mtoto wa mfua nazi, msichana aliyeweza kubeba kabati la hewa mpaka ukaona mishipa ya shingo. Tulikuwa tucheze kwenye mahafali ya darasa la saba, mbele ya wazazi, na haikuwa siri kwamba kuna jambo linaamuliwa siku hiyo. Mwalimu wa hesabu alikuwa anavidai vipindi vyake. Mwalimu Mkuu alikuwa amesema atatazama igizo kwanza, ndipo atoe uamuzi. Kwa wenzangu labda ilikuwa mchezo. Kwangu mimi lilikuwa jambo pekee shuleni ambalo niliamka asubuhi nikilitaka.

Siku ikafika. Turubai limefungwa uani, pilau linanukia toka nyuma ya vyoo ambako mama wapishi walipanga masufuria, wazazi wamefunga maduka na meza zao kwa nusu siku, na kijana wa muziki amepanga maspika yanayotikisa mbao za viti. Tuliingia. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba siku hiyo ndiyo siku ya kutoa sauti, semeni mpaka barabarani wasikie. Mimi ndiye niliyekuwa na neno la kwanza. Nilifungua mdomo, nikavuta pumzi, na kilichotoka kilikuwa kilekile cha barazani. Nilijaribu tena. Mtoto wa mfua nazi akanijibu kwa midomo tu, macho yamemtoka, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Muhula mzima tulikuwa tumezifundisha koo zetu kujifunga, sasa tunaziomba zifunguke na hazitaki.

"Sauti! Huku nyuma hatusikii," mzee mmoja akasema. Mwingine akadakia, "Au hawajala?" Watu wakacheka. Mwalimu Mkuu alitazama saa yake. Mimi nilimtafuta mwalimu wetu kwa macho, nikamwona amesimama kando ya nguzo ya turubai ameweka kiganja mdomoni, na niliona ameelewa kitu ambacho sisi hatujakielewa. Kisha akatembea haraka na raba zake mpaka kwa kijana wa muziki, akamwonyesha azime kila kitu. Mlio wa maspika ukakatika. Akatugeukia, akainua kidole kimoja, kama siku zote.

Tukaanza upya kimya kimya. Maji yakaingia ndani ya nyumba ambayo haikuwapo. Tukainua magoti, tukatoa godoro, jiko, kuku wawili, picha ya marehemu babu. Uani pale palitulia mpaka nikawa nasikia mapigo ya wenzangu vifuani. Nikiwa nimekaa kwenye kitanda changu cha hewa nikikataa kuondoka, nilimwona mama mmoja wa mstari wa mbele anainua mkoba wake toka chini, anaupakata. Hakujua kwamba ameuinua. Kisha mwingine akakusanya pindo la khanga yake. Na mwalimu wa hesabu, wallahi, alivuta viatu vyake vilivyong'arishwa akaviingiza chini ya kiti. Waliponibeba kwa mikono iliyopishana kunitoa nje, kuna mtu alikuwa analia, na alikuwa Bibi yangu.

Makofi yalikuwa mengi. Mwalimu Mkuu alishika maiki uso umechanua. Alisema hajawahi kuona watoto wa Kariakoo waliotulia hivi, hii ndiyo nidhamu, na kwamba vipindi vya haiba vitabaki. "Viendelee hivihivi," alisema, "kimya kimya." Tulirukaruka. Tulikuwa tumeshinda, unaona? Ndipo mwalimu wetu akaiomba ile maiki.

"Nashukuru, Mwalimu Mkuu," alisema. "Lakini hawa watoto leo walitaka kusema. Sauti hazikutoka kwa sababu mimi niliwazoesha kuzificha. Nyie mmeona sanaa, mimi nimeona kosa langu. Kama ni kimya kimya tena, basi naomba vipindi apewe mwenzangu wa hesabu."

Mwalimu Mkuu alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole mbele za wageni. Jumatatu kipindi kilipofika, iliingia rula.

Nilimchukia mwanamke yule. Nakwambia ukweli, nilimchukia kwa moyo wote wa mtoto wa miaka kumi. Kitu kimoja nilichokiweza, amekigawa kwa mdomo wake mwenyewe baada ya kukipigania na kushinda. Tukipishana naye nilimwamkia shikamoo huku natazama ardhi. Aliitikia marahaba na hakunilazimisha kumwangalia. Wiki ya pili alikuja nyumbani. Alikuwa anapita kwa kila mzazi kuomba watoto Jumamosi asubuhi. Nilijificha nyuma ya pazia nikitumaini Bibi atamfukuza. Bibi alimmiminia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mchukue. Huyu siku hizi akiomba chumvi nadhani ni panya."

Jumamosi alitupeleka mtaa wa nyuma ya soko, kwa wafua nazi. Unapajua asubuhi palivyokuwa? Malori yanashusha mizigo, wapagazi na mikokoteni yao wanapiga kelele "Pisha, pisha!", nazi zinapasuka kwenye vyuma, redio tatu kila moja na kituo chake. Alituacha upande huu wa barabara, akavuka, akasimama upande wa pili. Hatukuwa na igizo wala ngoma. Kila mtu aseme tu amekula nini asubuhi, na yeye alirudie kama amelisikia. Asiposikia aliweka mkono sikioni na kungoja. Hakukemea, hakutikisa kichwa, na hakuvuka kukurahisishia. Mtoto wa mfua nazi aliweza siku ya kwanza, labda kwa kuwa baba yake alikuwa anamtazama. Mimi Jumamosi ya kwanza nilirudi nyumbani bila kusikika. Ya pili vilevile.

Jumamosi ya tatu wenzangu walikuwa wameshamaliza, wamekaa kwenye marundo ya makumbi wakingoja. Alikuwa amesimama kule ng'ambo, jua limeanza kuwa kali, mkono sikioni. Lori likapita kati yetu, likaisha, bado yupo. Mkokoteni wa viazi, bado yupo. Sijui ilikuwa hasira au nini, lakini kitu kilikatika hapa kooni, nikapiga ukelele: "Nimekula kiporo cha ubwabwa!"

Mtaa mzima ulijua. Mfua nazi mmoja aliacha kazi akaniuliza kwa nini sijamwachia. Na ng'ambo ya barabara mwalimu wangu aliteremsha mkono toka sikioni, akasema polepole kama mtu anayeandika barua, "Amekula kiporo cha ubwabwa." Kisha akageuka upande akajifuta uso kwa kitenge.

Alitufundisha Jumamosi zile hadi mwisho wa mwaka, halafu akahamishiwa mkoani. Sikuwahi kupata habari zake tena. Nimeuliza kwa walimu wastaafu, nimeuliza hata ofisi za elimu, jina wanalikumbuka, mtu hawamjui alipo. Wafua nazi wa mtaa ule wameondolewa, na baraza letu limezungushiwa mabati, ni stoo ya madawati mabovu. Bibi naye ametangulia.

Mimi nimekuwa mtu wa kusema, watu wananisikia, wengine wananiomba nipunguze sauti. Wengi wamenipigia makofi katika maisha yangu na nimeyapokea yote. Ila tangu asubuhi ile hajatokea mtu mwingine wa kusimama ng'ambo ya barabara juani, mkono sikioni, akaningoja mpaka nifike.