Mbuzi wa Bibi na Waya wa Ishara

Mwezi uliopita nilifika Sigi, kule Tanga, kwenye ile stesheni ya zamani ya reli iliyohifadhiwa msituni. Kijana anayetembeza wageni akatuonyesha kipande kirefu cha chuma chenye kutu, akasema ni breki ya treni. Nikashindwa kuvumilia. "Si breki hiyo, mwanangu. Huo ni mkono wa ishara, na mimi nimelelewa nao." Akacheka, akanipisha nieleze. Nami, ndugu yangu, nikianza sinyamazi.

Baba yangu alifanya kazi ya ishara katika stesheni ndogo kwenye njia ya Tanga, chini kabisa ya milima, enzi za Mwingereza. Akivuta wenzo, ile fimbo ndefu ya chuma pale kibandani, waya mrefu uliopita kando ya reli, usawa wa goti, uliuvuta mkono wa chuma juu ya nguzo ya mbali. Mkono ukiinama, treni iingie; ukinyooka, isimame. Wenzake wakisharudisha wenzo waliona kazi imekwisha. Baba hapana. Kila mara aligeuka kuutazama mkono wenyewe, nao wakamtania kwamba atapinda shingo. "Dereva haoni wenzo wangu," aliwajibu, "anaona mkono."

Likizo moja Bibi, mama yake baba, akashuka kutoka Gare, kule juu milimani, kuja kututazama kwa mara ya kwanza. Alileta viazi, mapeasi, na beberu mweusi, maana kwetu huendi kwa mwanao mikono mitupu. Mama alikuwa jikoni na maharage yake, uani kunanuka mkonge mbichi wa treni ya mizigo iliyosimama stesheni. Sasa, kule juu mashamba yamebanana. Mbuzi asiyefungwa ni ugomvi na jirani. Bibi, kwa adabu yake yote, akatafuta pa kumfunga, akaona waya safi, imara, kando ya reli, akamfunga hapo. Kuuliza si ujinga, lakini nani huuliza pa kufunga mbuzi?

Treni ya abiria ilishapiga honi nyuma ya kona. Beberu akaona majani mabichi, akavuta. Mkono ukainama, kumbe njia bado imezibwa na ile ya mizigo. Baba, ambaye wenzo wake ulikuwa umetulia mahali pake, akageuka kama kawaida yake. Sijapata kumwona mtu mzima akikimbia vile, bendera nyekundu juu, kofia huko nyuma. Treni ikasimama hatua chache tu kutoka behewa la mwisho.

Kesho yake akaja mkaguzi Mzungu. Nani alimfunga mbuzi? Kazi ya baba ilikuwa hatarini, na nyumba yetu pia, kwa kuwa ilikuwa nyumba ya reli. Baba akasema, "Mbuzi ni wangu, bwana." Hakudanganya, alishapewa. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kuokoteza, ila hilo alilielewa. Akasogea mbele. "Mimi nimefunga. Huyu hajui. Huyu ndiye kaona!" Mkaguzi akauliza baba aliuonaje mkono, na steshenimasta akamweleza habari za ile shingo. Mkaguzi akaandika kidogo, akafunga daftari, akasema baba aendelee na kazi.

Jioni Bibi akamwita baba uani, mbele yetu watoto. "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe." Sikuwahi kumsikia mzee akimwambia mwanawe hivyo. Baba, aliyeikabili treni bila kutetemeka, akapiga magoti mbele yake.

Nyaya zimeng'olewa siku nyingi. Nguzo zimekuwa chuma chakavu, na wote wale wamekwishatangulia. Naweza kukueleza kila waya wa njia ile nikiwa nimefumba macho, wala sitakosea. Lakini nina watoto wazima sasa, nimewakosea mara nyingi, na neno lile la Bibi bado sijaweza kumwambia hata mmoja.