Siku Mama Alipoongea na Ukuta

Mimi ni mtu wa mdomo. Kule mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, ninakoishi, nikianza kugombana na mwenye duka, majirani huenda kununua sukari kwingine mpaka nimalize. Mama yangu ni kinyume changu. Kwa miaka mingi nilidhani upole wake ni woga, na naona aibu kukiri kwamba nilimdharau kidogo kwa ajili hiyo.

Mama analima Rapsu, karibu na Kinna, kwenye mashamba yanayonyweshwa kwa mfereji. Baba alipofariki alimwachia ekari moja ya vitunguu na mabinti wawili, dada yangu na mimi. Mtoto wa kiume hakuna. Kwa hiyo kila mtu pale alijua, bila kuambiwa, kwamba siku moja shamba lingeenda kwa binamu yetu, ambaye anauza miraa mjini Isiolo na jembe analijua kwa kuliona tu.

Kisha ikaja kanuni ya serikali. Kabla mashamba hayajaandikishwa upya, ichaguliwe kamati, na jinsia moja isizidi theluthi mbili. Katika watu tisa, basi, wanawake wasipungue watatu. Wazee walikuna vichwa siku mbili, wakapata dawa. Walimchagua mke wa katibu, ambaye nyumbani kwake hajawahi kuachiwa amalize sentensi. Walimchagua bibi kizee mmoja anayesinzia kila kikao. Wa tatu akawa mama yangu, kwa sababu mwenyekiti ni ndugu mdogo wa babu yetu mzaa baba, na kwetu huyo naye huhesabiwa baba mkwe wake. Kwa desturi yetu sisi Waborana, mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, hali chakula mbele yake, wala hamsemeshi. Wakaona wamepata mwanakamati wa kujaza nafasi, aliyefungwa mdomo na heshima yake mwenyewe.

Nilipopata habari damu ilinichemka. Nikaenda Rapsu kumwambia Mama akatae, wanamtumia. Alikuwa akichambua vitunguu, hakuinua hata kichwa.

"Wameniweka ndani," alisema. "Sasa kunitoa ni kazi yao."

Kikao cha kuandikisha kilifanyika asubuhi ndani ya stoo ya vitunguu. Afisa wa kaunti alikuwa mwanamke Mmeru, kwa hiyo mazungumzo yakawa ya Kiswahili, kila mtu na Kiswahili chake. Mimi niliruhusiwa kusimama mlangoni kwa sharti kwamba nisifungue mdomo. Aliyemwonya afisa kuhusu tabia yangu simjui, ila namshuku Mama.

Lilipofika shamba letu, katibu akasoma kwamba liandikwe jina la binamu. Alisoma haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Afisa akamsimamisha. Kanuni, alisema, inataka kila mwanakamati aulizwe maoni yake, mmoja mmoja, na jibu liandikwe. Wazee wakajibu: sawa, sawa, sawa. Zamu ikamfikia Mama. Mwenyekiti akatazama dari. Mimi nilijiuma ulimi.

Mama alisimama, akavuta mtandio wake mbele, akawageuzia wote mgongo. Nikadhani anatoka nje kwa aibu. Hapana. Alisimama akitazamana na ukuta, mahali magunia yalipopangwa.

"Mimi naongea na hii ukuta," alisema. "Kama kuna mtu mwingine anasikia, ni masikio yake."

Hakuna aliyecheka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wale wazee walikuwa ndiyo kwanza wanaujua.

"Ukuta, mafuriko ilipobomoa mfereji, nani alibeba mawe? Mimi. Zamu ya maji ikiwa alfajiri, nani anasimama ndani ya matope? Mimi. Bwana yangu alikufa, shamba haikulala hata msimu moja. Sasa uliza baba yangu mkwe, kwa heshima, kama ameona huyo kijana hapa na jembe. Akisema ameona, mimi nanyamaza, wallahi."

Sauti yake haikupanda wala kutetemeka. Desturi hakuivunja hata kidogo: hakumtazama mzee, hakumsemesha. Miaka yote nilikuwa nikiona ule mgongo uliogeuzwa na kudhani ni wa mtu aliyeshindwa. Nilikuwa mjinga.

Mzee alipapasa fimbo yake. Hatimaye akamgeukia afisa.

"Ambia ukuta sijaona," alisema.

Kura zikapigwa. Mke wa katibu alinyoosha mkono kumuunga mkono Mama kabla mumewe hajapata nafasi ya kukohoa. Bibi kizee alikuwa macho kabisa, na mkono wake ukapanda juu. Mama akanyoosha wake, bado ametazama magunia. Akafuata mzee tunayepakana naye kwenye mfereji, kisha mwenyekiti mwenyewe. Watano kati ya tisa. Bila wale wanawake watatu walioletwa kujaza nafasi, tungelikosa lile shamba, na mimi hilo nalisema kila ninaposikia mtu akiuliza kanuni kama hizi zina faida gani.

Afisa akaandika jina la Mama. Si mke wa fulani wala mama wa fulani, jina lake. Kisha akauliza, "Na mrithi ni nani?"

Wanaume wakaanza kunong'onezana, wakitafuta mpwa, wakitafuta mjukuu. Mama akawataja mwenyewe warithi wake, jina la dada yangu, kisha langu. Afisa akasita, akamtazama mwenyekiti kuona kama kuna pingamizi.

"Unangoja nini?" mzee akamwambia. "Andika. Watoto yetu hao."

Nililia pale mlangoni mbele ya wazee wote, kwa fahari tupu, na sikuyafuta machozi.