Wale Wakubwa Wenye Manyoya

Harufu ya mihogo iliyolowekwa haina adabu. Mwaka 2014 ilinikuta sokoni Kibondo, nami mtu mzima mwenye miwani na digrii mbili nikasimama katikati ya njia kama mbuzi aliyesahau kwao. Muuza udaga, ile mihogo iliyolowekwa ikakaushwa, alidhani nataka bei. Nilichotaka ni kukimbia.

Nilikuwa na miaka kumi, kwetu Kitanga, chawa weupe walipoingia kwenye mihogo. Walijazana kwenye ncha kana kwamba mtu kazimwagia unga, majani yakajikunja kama ngumi. Mama hakuwa na dawa wala mtu wa kumwuliza. Alitupa kila mmoja kopo la maji ya majivu, mimi na mdogo wangu Skola, akatutuma shambani kila asubuhi. Tafuteni wale wakubwa, alisema, hao ndio mama zao. Wakiisha hao, watoto hawatazaliwa.

Nilikuwa hodari, na sijawahi tena kuwa hodari wa jambo lolote kiasi kile. Chawa wa kawaida walitulia. Hawa wakubwa walitembea, wakiburuta manyoya meupe marefu kama vizee waliojifunika mashuka. Niliwabana kwa kucha, wakatoa maji ya manjano, nikayapangusa kwenye kaptula na kuwatumbukiza koponi. Palikuwa pia na vidudu vya kahawia, vidogo kama punje ya ulezi, visivyo na urembo wowote. Hivyo sikuvijali. Jioni Mama alichungulia kopo langu akanisifu, akachungulia la Skola akaguna.

Skola alikuwa na miaka sita, mvivu wa kuua. Aliweza kuchuchumaa kwenye shina moja asubuhi nzima. Siku moja aliniita.

"Kaka, huyu mkubwa anamla mwenzake."

"Anambusu. Fanya kazi, mjinga wewe."

"Anamla. Kabakiza ngozi."

Nikamfinya yule mkubwa mbele ya macho yake, kumkomoa tu. Skola hakulia. Alihamia shina jingine.

Mwaka huo mihogo mitamu ilitoa mizizi myembamba kama vidole. Ikabaki michungu ya bondeni, ambayo lazima ilale majini siku nne ndipo iliwe. Lakini njaa ilikuwa imebana, na watu walianza kuibiana kwenye mashimo ya kulowekea, basi Mama akawa anaitoa siku ya pili. Tulikula ugali huo wiki baada ya wiki, bila samaki, bila maharage. Asubuhi moja Skola alishuka kitandani akaanguka. Miguu yake ilikuwa imekakamaa, magoti yanagongana, visigino havigusi chini. Watu walisema karogwa. Mama naye alisema hivyo kwa miaka mingi, na nadhani ilimsaidia. Mimi nilikuja kuelezwa na daktari, nikiwa chuoni, kwamba ni sumu ya muhogo mchungu usiolala majini vya kutosha.

Siku ile ya 2014, kutoka sokoni nilikwenda Kitanga kumwona Skola. Nilimkuta shambani kwake na bwana shamba, kijana mpole. Kwa kujionyesha kwamba bado ni mkulima, nikageuza jani, nikamwona mmoja mwenye manyoya, nikatanguliza kucha.

"Mzee, huyo mwache," kijana akasema. "Ni mtoto wa hivi vidudu vya kahawia. Ndio wanaotumalizia chawa."

Kucha ikabaki hewani.

Sidai kwamba mtoto mmoja aliua shamba zima. Chawa walikuwa wengi kuliko vidole vya kijiji chote, na hilo najikumbusha mara nyingi kuliko inavyostahili. Lakini nyumbani kwetu alikuwepo mtu mmoja tu aliyetazama kwanza, akasema alichokiona, nami nikamwita mjinga kwa sababu kopo lake lilikuwa tupu.

Nikamgeukia Skola, amesimama kwa fimbo zake mbili, kwenye ncha za vidole.

"Nilikwambia, kaka," akasema, bila hasira. Kisha akanikaribisha ugali. Muhogo wake umelala majini siku tano, akaniambia. Huwa anazihesabu mwenyewe.