Vibao Visivyotoa Moshi

Siku yangu ya kwanza katika chama cha riadha cha mkoa, Katibu hakunipa meza, alinipa stopwochi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja ghorofani Kariakoo, juu ya duka la vitenge la Mhindi mmoja. Mimi ni Mgiriki niliyezaliwa Kilosa kwenye mashamba ya mkonge, na mjini walinizoea kwa jina la Ndugu Yani. Goti lilikuwa limenitoa kwenye kuruka viunzi, lakini bado nilijiona najua kila kitu.

"Mwanzishaji akifyatua bastola, utafanya nini?" Katibu aliniuliza.

"Nikisikia mlio, nabonyeza."

"Hapana, Ndugu Yani. Tazama moshi, achana na mlio. Mpaka mlio ukufikie kule mwisho wa mita mia, mkimbiaji ameshaondoka."

Tofauti yake ni kama sehemu tatu za kumi za sekunde. Kwa mkimbiaji wa mita mia, hiyo ni kupanda ndege au kubaki nyumbani.

Katibu alipohamishiwa Dodoma, nilirithi kiti chake. Miaka ile vitu vya kuagiza nje vilipatikana kwa taabu. Viatu vya misumari tuliazimana, na risasi za bastola zikatuishia wiki ya mchujo wa timu ya taifa. Nikamwendea seremala wa Ilala, akanichongea vibao viwili vyenye bawaba, vya kugonganisha. Vililia vizuri sana, nami nikajipongeza.

Zuhura, muuzaji wa duka la ushirika pale Kariakoo, alishinda mita mia na kupita kiwango cha kuingia timu kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Wenzake walimbeba juu juu. Nilikuwa nasaini fomu za watunza muda ndipo nikashtuka: mbao hazitoi moshi. Watunza muda wote watatu walikuwa wamefuata mlio, saa zao zikachelewa kuanza, na muda wake ukaonekana mfupi kuliko ulivyokuwa. Kosa lilikuwa langu, na ningeweza kunyamaza.

Kesho yake nilimfuata dukani, nikamkuta anapima sukari.

"Shikamoo, Ndugu Yani."

"Marahaba. Zuhura, muda wako nimeufuta. Tutarudia Jumamosi."

Nilimweleza sababu. Alisikiliza bila kuacha kupima.

"Mimi nilikimbia," alisema. "Nyie ndio mliochelewa."

Jumamosi tulipaka vibao vumbi la chaki ili vikigongana lionekane wingu jeupe. Zuhura alikosa kiwango kwa sehemu moja ya kumi, na timu ikaondoka bila yeye. Nilikuwa nimefuata sheria, lakini niliona aibu ambayo haijanitoka.

Baadaye alijifunza utunzaji muda, akawa mkali kuliko sisi sote. Nilipostaafu, ndiye niliyemkabidhi stopwochi yangu.

"Ule muda wangu wa kwanza," aliuliza, "mliuandika popote?"

"Hapana. Nilichana fomu."

"Na wewe unaukumbuka?"

Nikautaja, mpaka sehemu ya kumi.

"Ndio huo," alisema, akaitia stopwochi mfukoni.